Sheria ya Kumchoma Mkimbiaji

Jumanne, 14 Januari

Jumapili kanisani nilimwomba Mungu Mwende akosee. Sijamwambia mtu. Mchungaji alituambia kila mmoja alete haja yake kimyakimya, nikafumba macho, na haja iliyokuja ni hiyo. Sikuomba augue. Sikuomba apatwe na baya. Akosee tu. Mpira umponyoke siku ile mwalimu wa chuo atakapokuja kututazama.

Mwende ni rafiki yangu wa pekee. Tulikaa dawati moja sekondari yote. Ndiye aliyenipeleka kwenye timu ya besiboli ya Kawangware. Naandika haya nijione nilivyo.

Leo: maji, kisha makaa. Mama alipepeta, mimi nikajaza mikebe. Kifua chake kinakoroma tangu Krismasi. Anasema ni baridi. Si baridi, ni vumbi. Matokeo yangu ya sekondari yalitoka, D+. Mama alisogeza stuli yake kando kidogo pale kibandani tunapouza makaa, ikabaki nafasi ya stuli nyingine. Ndilo lililokuwa jibu lake.

Chuo kitamchukua msichana mmoja kutoka timu yetu. Atasoma bure na kukichezea. Mmoja. Kocha anasema wanaokaribia ni wawili, Mwende na mimi. Wengine wanajua na hawakasiriki. Kwangu hakuna njia nyingine ya kutoka kwenye makaa. Nimetafuta. Hakuna.

Alhamisi, 16 Januari

Jioni nilikaa juu ya gunia tupu nikawatazama watoto wakicheza raunda kwenye uwanja ulio chini ya mashamba ya sukuma wiki, pale bwawa liliporudi nyuma likaacha magugu. Nimekulia hapo. Mchezo haujabadilika. Mpira ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kufungwa kwa kamba. Gongo ni ubao wowote. Mawe manne. Mpigaji anamwambia mrushaji anautaka wapi, juu au chini, na mrushaji lazima ampe alipotaka, polepole, mkono ukitokea chini. Ukiudaka mpira hata baada ya mdundo mmoja, aliyeupiga ametoka. Na mkimbiaji akiwa kati ya jiwe na jiwe, unamlenga unampiga na mpira. Hiyo ndiyo kuchoma. Ukichomwa unaenda kukaa kwenye jiwe kubwa na wenzako walioungua. Mchezo unaisha mama wa mtu akiita.

Nilikuwa mchomaji bora mtaa wetu wote wa Silanga. Ni kitu cha pekee nilichowahi kukiweza kuliko wengine. Darasani sikuweza kuinua mkono hata nilipojua jibu. Uwanjani mkono uliinuka wenyewe.

Kocha aliona huo mkono. Ndiyo sababu nipo kwenye timu. Lakini mkono una tabia zake. Desemba ulikaribia mara mbili kumchoma mkimbiaji na mpira wa besiboli, ambao ni mgumu kama ndimu mbichi. Kocha alipiga filimbi kabla sijauachilia.

Jumamosi, 18 Januari

Mazoezi. Nilitembea kutoka Silanga, nikapita Ayany, nikavuka Ngong Road, nikafika Kawangware miguu imejaa vumbi. Uwanja wa shule ya msingi. Joto.

Leo tena. Mkimbiaji alikuwa njiani, mpira mkononi mwangu, mkono ukapanda. Filimbi.

“Silanga, huo mkono unaupeleka wapi?” Kocha ananiita Silanga. Wote wananiita hivyo.

“Kocha, kwao huwa wanachoma watu,” akasema mmoja. “Huko ni nyama choma tu.”

Walicheka mpaka wakainama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mwende hakucheka. Alisema, “Na wewe siku ukirusha kama yeye, nitakununulia hiyo nyama.”

Kocha akatuita chini ya ukuta wenye kivuli. Alikuwa mwalimu wa michezo zamani, na akianza kueleza haachi. Akasema tusicheke, maana hata wenye mchezo huu walianza kwa kuchoma. Huko Amerika, kabla ya viwanja na sare, kila mtaa ulikuwa na sheria zake, na kwingi mkimbiaji alipigwa na mpira ndipo atoke. Mpira ulikuwa laini. Mrushaji alirusha mkono ukitokea chini. Mpigaji alisema juu au chini. Kudaka baada ya mdundo mmoja kulihesabiwa. Hawakuhesabu zamu tisa kama sisi, aliyefika pointi ishirini na moja kwanza ndiye mshindi.

Nilihisi uso wangu unawaka. Sio aibu, au sio aibu tu. Kila alichokitaja tunacho, isipokuwa ishirini na moja. Watoto wa kwetu, bila kufundishwa na mtu, wanacheza besiboli ya watu waliokufa zamani.

Nilitaka kusema hivyo kwa sauti.

Jumatano, 22 Januari

Mvua kidogo. Wateja hawakuja. Nilisoma historia ya besiboli kwenye simu ya Mama mpaka chaji ikaisha.

Sheria hazikubadilika kwa sababu mtu mwerevu alikaa akafikiri. Zilibadilika kwa sababu watu walisumbuana. Mpigaji alisimama akikataa kila mpira mpaka jua likaelekea kuzama, kwa hiyo mwamuzi akapewa ruhusa ya kumhesabia mpira mzuri aliouacha. Basi mrushaji naye akaanza kurusha mibaya makusudi. Ikabidi mpigaji apewe kituo cha bure baada ya mibaya tisa, kisha ikapunguzwa, ikapunguzwa, mpaka minne. Sheria moja inazaa nyingine. Wa kwanza kuvaa glavu walichekwa kama waoga. Mrushaji aliyekuwa mtumishi wa mpigaji akaruhusiwa kuinua mkono juu ya bega, na tangu hapo mpigaji hachagui tena juu wala chini. Anapewa anachopewa.

Hii ya mwisho niliifikiria sana huku nimekaa kwenye stuli yangu.

Kuchoma ndiko kulikokwenda kwanza. Walikataza mkimbiaji asipigwe. Baada ya hapo mpira ukaweza kufanywa mgumu, ukaruka mbali.

Mama aliuliza nasoma nini. Nikasema mchezo. Akasema, “Mchezo unasomwa?” kisha akakohoa mpaka akakaa chini. Nilimshika mgongo. Mgongo ni mfupa tu.

Jumamosi, 25 Januari

Mwende alidaka kila kitu leo. Mpira wa chini, wa juu, wa kuteleza. Sijui kama kuna kinachoweza kumponyoka. Mungu hajajibu, au amejibu.

Wakati wa kupumzika alinigawia muhogo wake. Akasema, “Ukichukuliwa wewe, mimi nitakuja kila mechi nikutusi kutoka nje. Nikichukuliwa mimi, utanibebea begi.”

Nikasema sawa.

“Sawa gani? Wewe huwa unasema sawa hata kwa mbwa.”

Nikacheka. Kisha akaniambia mama yake ameshamzungumzia kazi ya nyumbani Lavington, mtaa wa matajiri. Tajiri wa nyumba hiyo anasubiri jibu. Asipochukuliwa na chuo ataanza Machi, kulala huko huko, kutoka Jumapili moja moja. Mwende, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kwa hiyo si mimi tu. Nilijua lakini sikutaka kujua. Nilirudi nyumbani nikifikiri nitaliondoa lile ombi. Nilijaribu kuomba upya njiani. Maneno yaliyokuja ni yale yale.

Uwanja wa shule umetolewa kwa harusi Jumapili ijayo, siku ya mechi yetu ya mazoezi. Kocha akauliza nani ana uwanja. Mwende akasema, “Silanga anao.” Wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa ndiyo. Wanakuja kwetu.

Jumatatu, 27 Januari

Nimewaambia watoto wa raunda kwamba timu inakuja Jumapili. Wamefurahi kupita kiasi. Kadogo, ambaye ana miaka minane na ndiye mwamuzi wao kwa sababu mpira ni wake, aliniuliza tutacheza sheria gani. Nikamweleza. Ukimrushia mwenzako aliye kituoni, naye akadaka kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametoka. Au unamgusa kwa mkono ulioshika mpira.

“Na kuchoma?”

“Hakuna kuchoma.”

“Sasa mkimbiaji anaogopa nini?”

Kadogo akawageukia wenzake. “Ni mchezo wa watu wa Lavington,” akasema. Wakarudi kuchoma.

Jumamosi, 1 Februari

Hakuna mazoezi. Nimefagia uwanja. Watoto walinisaidia kuondoa chupa na mifupa. Mawe yetu manne nimeyaacha palepale, Kocha alisema ataweka vituo vyake juu yake. Mama alikuja akasimama akatazama mikono ikiwa kiunoni. Akasema huu uwanja haujawahi kufagiliwa tangu aje Nairobi. Alitabasamu. Sijaona hilo tangu matokeo.

Naogopa kesho. Nataka kesho.

Jumapili, 2 Februari

Nimemchoma Mwende.

Siwezi.

Jumatatu, 3 Februari

Naandika kama ilivyokuwa.

Watu wengi walikuja kutazama. Wauza mboga waliacha meza. Tulijigawa, Mwende upande mmoja, mimi mwingine. Nilicheza vizuri. Nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza. Kwa mara ya kwanza walioniita kwa jina walikuwa wengi, na walisema Awuor, si Silanga, maana watazamaji wote ni wa Silanga. Sikuona haya. Nilisahau kuona haya.

Mwende alikuwa kituo cha pili. Kofia ngumu tunazo mbili, na alikuwa amevua yake kwa sababu ya joto, akaitupa kwa mpigaji aliyefuata. Mpira ukapigwa ukaja chini kwangu. Mdundo, mdundo, mkononi. Mwende akaondoka kuelekea kituo cha tatu, karibu na lile jiwe kubwa walipokaa watoto. Kadogo akasimama juu ya jiwe. “Choma!” Wote wakaitikia. “Choma! Choma!”

Ndivyo walivyonipigia kelele nikiwa mdogo. Sauti ile ile. Uwanja ule ule.

Mkono ukaenda.

Mwende alikuwa amegeuza uso kutazama mpira uko wapi. Ulimpata chini ya jicho la kushoto. Mlio wake sitauandika. Alianguka mbele, na mkono wake ukagusa kituo. Alikuwa amefika. Kwa sheria ya Kocha alikuwa salama. Kwa yetu alikuwa ameungua.

Watoto walishangilia. Walidhani nimefanya vizuri. Walishangilia mpaka walipoiona damu.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeijua. Msichana wetu wa kituo cha tatu alikuwa tayari, ameinua glavu, imefunguka, inaniangalia. Niliiona. Kabla mkono haujaenda, niliiona glavu.

Jumanne, 4 Februari

Kila mtu anasema ni mazoea. Kocha alisema mbele ya wote kwamba ni kosa lake, alijua mkono wangu, hakupaswa kunileta kucheza mpira mgumu juu ya mawe ya utotoni mwangu. Alisema, “Wale wa kwanza waliacha kuchomana, ndipo mpira ukawa mgumu. Sisi tuliuleta mpira mgumu kabla kuchoma hakujatutoka.” Alikuwa amekaa kwenye ndoo, kichwa chini. Alisema pia kila sheria ina mtu aliyeumia nyuma yake. Hakuniangalia.

Nataka iwe mazoea. Huenda ni mazoea. Mkono ulipanda Desemba bila mimi, na Januari tena, wote waliona. Lakini Desemba sikuiona glavu. Na Desemba sikuwa nimeomba.

Sijala. Mama ameweka chakula akaondoa, akaweka, akaondoa.

Alhamisi, 6 Februari

Nilikwenda hospitali. Nilisimama nje ya wodi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Mfupa wa chini ya jicho umepasuka. Jicho lipo. Linaona mwanga na vivuli. Daktari anasema huenda uvimbe ukipungua litaona zaidi, na huenda lisione. Nusu ya uso wake ni zambarau kama biringanya. Aliponiona alisema, “Wee, hiyo ilikuwa choma safi.” Akajaribu kucheka, ikamuuma, akaacha.

Nikaanza kulia. Akanishika kidole kimoja. Akasema asilie mtu hapa, yeye analipa kitanda kwa machozi yake mwenyewe na hayatoshi wawili.

Mama yake alikuwa kando ya kitanda anasuka kiondo. Anakisuka tu, hakitazami. Ni mama wa Kitui, mrefu, maneno machache. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

“Mwanangu anasema ni mazoea ya kwenu.”

“Ndio, Mama.”

“Basi. Kunywa chai.”

Nilikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Afadhali angenimwagia.

Jumatano, 12 Februari

Mwende hatachaguliwa. Kocha amepiga simu chuoni, wakasema wanataka mchezaji anayeona. Hawakusema kwa ubaya. Kwa hiyo nimebaki mimi. Kocha alikuja mpaka kibandani kuniambia nijiandae, Jumamosi wanakuja. Mama akamfutia stuli, akasema asante, asante Mwalimu, kisha akaangalia pembeni akapangusa macho kwa kitenge. Alidhani sikuona.

Ombi langu limejibiwa na kuzidishwa.

Mwende ametuma ujumbe. “Jumamosi rusha kama ile, lakini kwenye glavu.” Na kijipicha cha uso unaokonyeza jicho moja. Alikichagua yeye.

Nilifikiri nimwambie. Nilitembea mpaka Ayany na maneno yote yamepangwa kichwani. Hapo nikasimama. Nikimwambia, atabaki na jicho bovu na bila rafiki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba naogopa. Nikarudi.

Jumamosi, 15 Februari

Mwalimu wa chuo alikuja. Mama mmoja mpole wa kofia nyeupe. Alisalimia kila mtu kwa mkono.

Niliambiwa nisimame kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kocha alinipigia mpira wa chini, mwepesi. Niliudaka. Msichana wa kituo cha kwanza akainua glavu, ikafunguka.

Mkono haukwenda.

Ulipanda ukasimama. Kisha mpira ukatoka kama kitu nilichokidondosha, ukaanguka miguuni pangu ukabiringika. Kocha akapiga mwingine. Nikadaka. Nikarusha chini. Mwingine. Nikarusha juu, mbali, ukavuka ua, watoto wa shule wakaufuata. Kila nikitazama glavu naiona ile ya Silanga.

“Silanga, rusha tu,” Kocha akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. “Rusha, mama.”

Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka.

Yule mwalimu aliniambia nipumzike kidogo nirudi baadaye. Nilipumzika. Nilirudi. Ikawa hivyo hivyo. Alinishukuru. Kwetu hakuchagua mtu. Atachukua wawili kutoka timu ya upande mwingine wa jiji.

Jumanne, 18 Februari

Makaa.

Mama hakuniuliza. Nilipoingia Jumamosi alinitazama mara moja akajua, akanisogezea sahani. Leo amenifundisha kutambua gunia lililojazwa vumbi katikati. Unaingiza mkono mpaka kwenye bega. Mkono huu huu. Nikajua mara ya kwanza. Akasema nina mkono mzuri.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuna kitu.

Kukohoa kwa Mama. Mimi nami nimeanza kidogo, asubuhi.

Sijapita uwanjani tangu siku ile. Nazunguka nyuma ya mashamba ya sukuma, njia ndefu, yenye matope.

Jumapili, 9 Machi

Mwende amekuja leo, bila kunipigia simu. Nilikuwa nafua. Niligeuka nikamwona amesimama mlangoni na mfuko wa mandazi.

Uvimbe umeisha. Chini ya jicho kuna kishimo kidogo kwenye ngozi, kama kidole kilibonyeza unga. Ukimtazama haraka hujui. Nilimuuliza linaonaje. Akainua ile karatasi ya mandazi, iliyolowa mafuta, akaiweka mbele ya jicho langu. “Hivyo,” akasema. Daktari amemwambia ndivyo litakavyobaki.

Kesho anaanza Lavington. Tajiri hajui habari ya jicho. Mama yake amemwambia aingie jikoni taa zikiwa zimewashwa, na asimimine chai mbele za watu mpaka azoee.

Akataka kuuona uwanja. Nilisema kuna matope. Akasema anajua matope. Tukaenda.

Watoto walikuwa wanacheza. Mpira ule ule wa soksi. Kadogo hakuwepo, amepelekwa kwa nyanya yake. Mwenye kupiga kelele leo alikuwa msichana mdogo nisiyemjua, amehamia juzi kutoka Kawangware, meno ya mbele hana. Mwende alivua viatu.

“Wacha nikimbie mara moja. Awuor, shika mpira. Nichome.”

Nilirudi nyuma hatua moja. Yule mtoto akanisaidia.

“Hatuchomi,” akamwambia Mwende.

“Hamchomi? Silanga?”

“Imekatazwa. Unamgusa na mpira. Kwa mkono.”

“Tangu lini?”

“Kitambo sana.” Alisema kama mtu mzima, mkono kiunoni. “Kuna dada alichomwa hapa, jicho likatoka. Likaanguka pale. Korongo akalibeba.”

Mwende alicheka mpaka akashika magoti. Alicheka vile alivyokuwa akicheka darasani, hana breki. Wale watoto nao wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini.

“Na aliyemchoma je?” Mwende akauliza akijifuta machozi.

Mtoto akafikiri.

“Huyo hajulikani,” akasema.

Mwende hakunitazama. Alikuwa anatazama bwawa. Sijui jicho gani.

Nilisoma kwamba huko kwa wenye mchezo hakuna anayejua hasa nani alikataza kuchoma, watu wanabishana majina mpaka leo. Hapa pia hakuna aliyekaa akaandika. Nilikuwa nazunguka nyuma ya mashamba, na huku nyuma yangu watoto wakabadilisha sheria.

Mwende akakimbia. Hakukimbia kama zamani, aliinamisha kichwa upande, anatafuta jiwe kwa jicho zima. Niliokota mpira. Ulikuwa mwepesi, laini, umelowa. Ningeweza kuurusha na usingemuumiza hata kidogo. Nilimkimbilia nikamgusa mgongoni. Nilimgusa polepole.

“Umetoka,” mtoto akasema.

Mwende akaenda akakaa kwenye jiwe kubwa na wenzake waliotoka. Akaniachia nafasi. Nikakaa. Tulikula mandazi, tukawapa watoto yaliyobaki. Kisha mama wa mtu akaita, na mchezo ukaisha.

Nilimsindikiza mpaka Ayany. Alinikumbatia akasema Jumapili moja moja. Nikasema sawa. Akasema, “Ona, bado unasema sawa.”

Hajawahi kuniuliza kama niliiona glavu. Sidhani kama ataniuliza. Ananiamini, na hilo ndilo nitakaloishi nalo, pamoja na makaa.

Kesho nitafungua kibanda mapema, Mama alale. Wewe, daftari, nimekupa mawili: lile la kanisani na lile la glavu. Hakuna mwingine aliyenayo. Kaa nayo. Mama akikufungua, mpe habari za raunda. Kocha, mpe sheria. Mwende usimpe kitu.